Pamba asilimia 100 lakini bado nalowa: kitambaa gani kinafaa joto la Tanga na Dar?

Mgeni_Raskazone

Wakuu habarini. Naomba msaada kwa wanaojua vitambaa kwa undani.

Nimehamia Tanga kikazi kutoka Mafinga, nguo zote nilizokuja nazo ni za baridi. Nimeshonesha mashati mawili na suruali mbili za ofisini, zote pamba tupu. Nimechomoa uzi nikauchoma, umenuka karatasi na kuacha majivu laini, kwa hiyo sidhani kama nimeuziwa feki. Lakini kaskazi hii, saa nne asubuhi shati limeshaganda mgongoni, na suruali ikishalowa kiunoni inabaki mbichi mpaka jioni.

Maswali yangu: kama ni pamba kweli, tatizo ni nini? Safari ijayo nimpelekee fundi kitambaa gani na nimwelekeze nini? Na mke wangu anavaa abaya nyeusi kila siku, kuna namna ya kumpunguzia joto bila kubadili vazi lenyewe? Mitumba sina neno nayo.

Mtande_na_Mshindio

Mkuu, pole. Neno "pamba" linakwambia uzi umetoka wapi tu. Halikwambii kitambaa ni kizito kiasi gani wala kimefumwa vipi, na huku pwani hayo mawili ndiyo yanayokutesa.

Jasho linalodondoka chini au kunyonywa na shati halijakupoza. Linalokupoza ni lile lililogeuka mvuke likaondoka mwilini. Mafinga hewa ni kavu kiasi, jasho linakauka kabla hujaliona. Tanga hewa yenyewe imeshashiba maji, kwa hiyo mvuke wa mwilini unaondoka polepole, na unakwama zaidi kama upepo haupiti juu ya ngozi. Pamba inanyonya vizuri sana, lakini kila unyuzi unapokunywa maji unavimba, matundu kati ya nyuzi yanaziba, kitambaa kinalala kwenye ngozi kama plasta. Kadiri kitambaa kilivyo kizito ndivyo kinavyobeba maji mengi na kuchelewa kukauka. Shati zito la pamba linaweza kukuchosha kuliko jepesi la mchanganyiko.

Kwa hiyo mpangilio wa kuchagua huku uwe hivi: kwanza upepo upite, pili kiwe chepesi, tatu ndiyo uulize kimetokana na nini.

Upepo unaupima dukani palepale. Kunja kitambaa tabaka mbili, bana kwa vidole viwili, weka mdomoni na upulize huku kiganja cha mkono wa pili kiko upande wa pili. Ukisikia pumzi inafika kiganjani, kinafaa shati. Ikirudi usoni kwako, kiache hata kama ni pamba ya bei gani. Kisha kinyanyue kwenye mwanga wa mlangoni: uone vitundu vidogo vilivyosambaa sawasawa. Kama hakuna mwanga unaopenya na kitambaa si cheusi, kimekazwa mno.

Uzito unaupima nyumbani. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, upime kwenye mizani ndogo ya kidijitali inayosoma nukta, zidisha mara 100. Hizo ni gramu kwa mita ya mraba. Kama hutaki kukata, pima kitambaa kizima. Kanga moja ya sentimita 150 kwa 110 ni mita za mraba 1.65, ikisoma gramu 180, gawa kwa 1.65, unapata kama 109.

Vipimo vya kukuongoza: melimeli, ile pamba nyembamba laini, ni 60 hadi 90, nzuri sana lakini inaonyesha ndani. Poplini nyepesi ni 100 hadi 125, hiyo ndiyo ya mashati ya ofisini. Fulana za kawaida 140 hadi 180. Drili na khaki 240 kwenda juu. Jinzi 340 na zaidi, hiyo waachie watu wa Makambako.

Ukipata nafasi kata hicho kipande utuletee namba.

Jora_Zima

Naongezea kwenye ununuzi, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Ukifika duka la majora usiulize "hii ni pamba?" Jibu ni ndiyo siku zote. Omba uone mwanzo wa jora au kingo, mara nyingi pamepigwa mhuri. Ukiona T/C ni tetroni (jina jingine la polista) na pamba, na mchanganyiko wa kawaida ni polista 65 kwa pamba 35. Hicho ndicho kitambaa cha sare nyingi za shule: hakikunjiki, kinadumu, lakini kina joto. T/R ni tetroni na viskosi (uzi laini unaotengenezwa kiwandani kutokana na miti), hizo ni suruali na suti nyingi za madukani. Mhuri ukiwa umeandika asilimia, namba ya kwanza ndiyo ya kitu kilichotajwa kwanza.

Jaribio la moto ulilofanya ni sahihi ila wengi hulifanya nusu. Chomoa nyuzi za mtande, yaani zinazokwenda na urefu wa jora, peke yake, na za mshindio, zinazokwenda na upana, peke yake, choma moja moja juu ya sahani yenye maji. Kuna vitambaa vya mtande wa polista na mshindio wa pamba, ukichoma upande mmoja unadanganyika. Pamba na viskosi huwaka haraka, harufu ya karatasi, majivu laini yanayopukutika. Polista hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, moshi mweusi, na ikipoa inaacha kishanga kigumu. Ukiona majivu laini yenye punje ngumu ndani, ni mchanganyiko.

Kitu kingine: "lineni" ya bei ya chini yenye vinundu-vinundu kwenye majora mengi ni polista iliyosokotwa kufanana na kitani. Kitani halisi ukikikunja ngumini sekunde kumi kinatoka na mikunjo mikali inayobaki. Ya polista inajinyoosha yenyewe.

Na hesabu ya kipimo. Yadi ni sentimita 91 na kidogo. Ukiambiwa na fundi mita 3 ukanunua yadi 3, umepungukiwa sentimita 26, ndiyo mikono mifupi hiyo.

Mgeni_Raskazone

Asanteni sana, hii ni shule kamili. Nimekata kipande kwenye upindo wa ndani wa suruali na kingine kwenye mabaki ya shati, sonara wa jirani kanipimia. Suruali imesoma gramu 2.6, shati gramu 1.7. Jaribio la kupuliza: suruali hakuna kitu kinachopita, shati kidogo mno.

Mtande_na_Mshindio

Basi jibu umelishika mkononi. Suruali ni gramu 260, hiyo ni drili ya kazi za nje, na angalia upande wa juu utaona mistari ya mshazari. Mfumo wa mshazari unapanga nyuzi nyingi kwa nafasi ndogo. Shati la gramu 170 lina uzito wa fulana, tena la kufumwa kwa kukaza. Yote pamba kweli, yote si ya Tanga.

Kwa shati tafuta kitambaa cha mfumo sahili, uzi mmoja juu mmoja chini, gramu 100 hadi 120. Kuna pia kile chenye mistari iliyojikunyata-kunyata na mistari bapa kwa kupokezana. Kikipatikana kichukue bila kufikiri mara mbili: ile mikunjo inakinyanyua kisiguse ngozi, upepo unapita chini yake, na hakihitaji pasi.

Suruali isiwe nyepesi kama shati maana itapasuka kwenye msamba. Pamba au pamba na kitani ya gramu 170 hadi 200 inatosha. Ukienda mitumba, angalia suruali za suti za sufu nyepesi. Najua sufu inasikika kama blanketi la Njombe, lakini ile ya nyuzi nyembamba zilizosokotwa kwa nguvu na kufumwa wazi inapitisha hewa vizuri, na inanyonya unyevu bila kuganda mwilini. Ipulize, ikipitisha pumzi ni hiyo.

Kitenge cha nta ni pamba, ila kimekazwa sana na kimepakwa vitu vya kukipa ugumu. Shati la kitenge la kubana mwezi wa Februari ni adhabu. Kama unalipenda, kifue mara mbili tatu kabla ya kushona, lishonwe pana, bila bitana.

Mama_Melimeli

Shemeji yetu hajajibiwa. Nianze na abaya.

Weusi wenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya majoho ya Mabedui jangwani, wakakuta joto linaloifikia ngozi ni sawa kwa joho jeusi na jeupe. Jeusi linapata joto zaidi juu, lakini kwa kuwa ni pana joto hilo linaondoka na hewa kabla halijagusa mwili. Jangwa ni kavu na huku ni unyevu, hatuwezi kulinganisha moja kwa moja, lakini siri ya upana ni ileile: hewa inaingia chini kwenye pindo, inapanda, inatoka shingoni na kwenye mikono. Abaya ikibana kiunoni au kwapani umeziba bomba.

Kinachoumiza zaidi ni kilichovaliwa ndani. Abaya nyingi ni za polista, hata zile za kitambaa kinachoitwa nida, na polista hainyonyi: pamba kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu kama asilimia 8 ya uzito wake, kitani kama 12, viskosi kama 13, polista haifiki hata nusu ya asilimia moja. Ukivaa abaya ya polista, ndani gagulo la satini ya polista na blauzi ya kubana, jasho halina pa kwenda. Abadilishe ndani tu kwanza: gauni jepesi la melimeli au dera la viskosi lisilogusa kiuno, gagulo la pamba nyembamba. Abaya iwe na mikono mipana, mzunguko wa kifua uzidi mwili kwa sentimita 25 au zaidi, na isiwe na bitana.

Mtandio: shifoni ni nyembamba lakini ni polista, na kwa kuwa inateleza na kuonyesha inamlazimu avae kofia ya ndani, hapo amepata tabaka mbili kichwani. Mtandio wa viskosi au melimeli wa tabaka moja unashika bila kofia. Wa fulana ni laini lakini mzito, unalowa shingoni na kubaki hivyo.

Tahadhari ya viskosi: ikilowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Usiikamue kwa kusokota wala kuisugua kwenye jiwe. Ikandamize kwa taulo, ianike kivulini.

KaziMbio

Mnaonea polista. Wachezaji wote wanavaa jezi za polista na wanatoka jasho kuliko sisi wa ofisini.

Mtande_na_Mshindio

Kaka, hoja yako ina msingi. Jezi ina nyuzi nyembamba mno zinazovuta jasho kupitia mianya kati yao na kulitandaza upande wa nje likauke, na imefumwa na vitundu. Mchezaji anakimbia, upepo anautengeneza mwenyewe. Mpeleke akae kwenye kiti cha ofisini kwa saa nane nzima uone.

Tena shati la polista la ofisini halina vitundu hivyo. Na harufu: mafuta ya jasho yanagandamana na polista kuliko pamba, bakteria wanabaki humo, sabuni ya kawaida haiyatoi yote. Ndiyo maana jezi iliyofuliwa jana inanuka ukiivaa dakika kumi. Dawa yake ni kuloweka dakika 30 kwenye lita 4 za maji na kikombe kimoja cha siki nyeupe, kisha ufue. Usichanganye siki na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, inatoa gesi yenye sumu.

Lebo_za_Karume

Kwa kuwa mitumba imetajwa, jifunze kusoma lebo ya ndani ya mbavu, utawahi vitu vizuri ambavyo wengine wanaviruka kwa sababu havijaandikwa Kiingereza.

Pamba ni cotton, coton kwa Wafaransa, Baumwolle kwa Wajerumani, cotone kwa Waitaliano, algodón kwa Wahispania, katoen kwa Waholanzi, bomull kwa Waswidi. Kitani ni linen, lin, Leinen, lino, linnen. Nguo za China zina 棉 kwa pamba, za Japani 綿, na kote 麻 ni kitani na jamii zake. Nguo za Ulaya hutaja kilicho kingi kwanza.

Mtego uko kwenye mstari wa pili. Koti linaweza kuwa kitani asilimia 100 juu, na chini yake pameandikwa lining, doublure, Futter, fodera au voering: hiyo ni bitana, na mara nyingi ni polista. Koti la kitani lenye bitana ya polista mgongo mzima halina faida yoyote huku. Chukua lililowekwa bitana mabegani na mikononi tu, au mpe fundi aitoe ya mgongoni na kuvisha mishono utepe wa pamba.

Mpira wa kunyumbulika hadi asilimia 2 hausumbui. Suruali yenye 5 na zaidi inabana mapaja na jasho.

Mshono_Wazi

Sasa maelekezo ya fundi, maana kitambaa kizuri kinaweza kuharibiwa mezani.

Shati: kifua kizidi mwili kwa sentimita 14 hadi 16, si 6 kama ya kisasa ya kubana. Tundu la mkono lishuke sentimita 2 chini ya kawaida yako. Kipande cha mabega mafundi hushona tabaka mbili, na hapo ndipo jasho la mgongo wa juu linapoanzia. Mwambie tabaka moja, mshono wa ndani afunike kwa utepe. Chini yake atie mkunjo mmoja wa katikati wa sentimita 3, ukikaa unafunguka na kitambaa kinaachana na mgongo. Mfuko mmoja tu kifuani. Kola, kile kitambaa kigumu kinachobandikwa kwa pasi akiweke upande mmoja, tena chepesi, kwa sababu gundi yake inaziba hewa kabisa shingoni. Mpasuo wa sentimita 6 kila ubavu, uvae nje siku zisizo rasmi.

Suruali: kiuno cha kitambaa kisichozidi sentimita 4, mifuko ya ndani iwe ya melimeli au bafta (pamba nyeupe ya kawaida). Mafundi wengi huweka mifuko ya polista nyeupe, na ndiyo inayokaa juu ya mapaja siku nzima. Hiyo mifuko badilisha hata kwenye suruali ulizonazo, ni kazi ya nusu saa.

Kanzu usiikumbuke mwisho. Ya T/R inaanguka vizuri na haikunjiki lakini Ijumaa mchana utajuta. Poplini ya pamba ya gramu 110 inakunjika, ipigwe pasi ikiwa na unyevu kidogo.

Mgeni_Raskazone

Shukrani sana wote. Nimeshapata poplini ya gramu 112, upana sentimita 150, inapitisha pumzi. Swali la mwisho: ninunue mita ngapi kwa shati la mikono mirefu, na nifanye nini kabla ya kumpa fundi?

Mshono_Wazi

Kwa upana huo mita 2 zinatosha, chukua 2.25 kwa sababu itarudi.

Kabla ya kukata, chora kwa kalamu ya risasi mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kona. Loweka kitambaa chote maji ya uvuguvugu usiku kucha, kifue na sabuni kidogo, kianike bila kukisokota, kipige pasi ya moto wa pamba, pima mraba tena. Ukisoma 47.5 kimerudi asilimia 5. Rudia mara ya pili. Kama hakijasogea tena, mpelekee fundi. Kuloweka huku kunatoa pia wanga wa kiwandani. Ndiyo maana kitambaa kipya hata cha pamba tupu tone la maji linakaa juu yake bila kuingia. Ukishafua, tone liingie ndani ya sekunde mbili tatu.

Kama ni cha rangi, usihangaike na chumvi, haishikishi rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Kifue peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Mama_Melimeli

Na baada ya kushona, dawa ya kulainisha nguo usiitie kabisa, inaacha utando unaozuia kunyonya. Wanga wa kupigia pasi weka kwenye kola na vifundo vya mikono tu. Unyevu wa Tanga na wanga vinaleta madoa meusi ya ukungu, hasa nguo ikirudishwa kabatini ina ubichi kwenye mishono. Bonyeza kola na pindo kwa kidole kabla ya kukunja. Pakiwa na ubaridi hapajakauka, irudishe kambani.

Mwambie shemeji akipata vipele vya harara kiunoni au chini ya matiti, aangalie kwanza mpira wa gagulo.